Macho Mawili ya Kamera ya Chizuru

Juni 9
Mvua imeanza asubuhi hii, ile nyembamba isiyo na kelele, ambayo ikishaanza hapa Okaya haituachi mpaka katikati ya Julai. Chizuru amenipa daftari hili. "Mama," akasema, "wasiwasi wa asubuhi uandike humu, wa jioni uandike humu, mimi niachie ule wa mchana tu." Nikamwambia shule niliishia darasa la nne, nikapelekwa kiwanda cha hariri kuvuta nyuzi kwenye maji ya moto, mwandiko wangu ni wa kuku. Akasema kuku naye ana haki ya kuandika.

Basi nianze na ule mkubwa. Chizuru ana miaka ishirini na minne na ndiye mtoto niliyebakiwa naye. Miaka miwili alifunga vipuri vya saa kiwandani, akajinyima, na mwezi wa nne akanunua kamera iliyokwisha kutumika. Siku ya tatu akaacha kazi. Sasa yuko studio ya Bwana Yajima, anafagia, anasafisha filamu, anawafuta wateja mikunjo ya uso kwa penseli kwenye filamu. Bwana Yajima ana miaka sabini na moja, mikono inamtetemeka, na mwanawe wa Nagoya anataka akaishi naye. Amemwambia Chizuru hivi: "Piga harusi moja peke yako. Familia ikizipokea picha, funguo za studio ni zako. Wakizikataa, mvua zikiisha nafunga mlango, nawe urudi kwenye saa."

Harusi moja. Nani anaoa kwenye mvua hizi? Na nani atampa msichana?

Juni 10
Mvua. Nimeshona mapindo mawili ya nguo za wateja wangu.

Juni 12
Leo nimeitazama kamera yenyewe. Ni sanduku jeusi, zito kama tofali, lina macho mawili usoni, moja juu ya lingine. Sikuipenda. Nikamuuliza Chizuru jicho gani linapiga.

"La chini, Mama."

"La juu kazi yake nini?"

"Linatazama tu. Linanionyesha mimi."

"Kwa hiyo halifanyi kitu."

"Lisipotazama, la chini litapiga ukuta."

Nikasema hilo la juu ni mimi, basi, nakaa natazama tu, sipigi chochote. Akacheka, akafungua kifuniko cha juu kikasimama kama vikuta vinne vidogo, akaniambia niinamishe kichwa nitazame ndani.

Sijui niandikeje. Kulikuwa na kioo, na ndani ya kioo kulikuwa na ua wetu. Si picha ya ua, ua wenyewe: mvua ikishuka, majani yakitikisika, ndoo ya maji ikijaa. Lakini mdogo, na mwangavu kuliko ninavyouona kwa macho yangu. Nimeishi na ndoo ile miaka kumi na moja na sikuwahi kuona kwamba ni nzuri. Paka wa jirani akapita, nikageuza kamera nimfuate, akanitoroka. Nikienda huku yeye anakwenda kule.

"Kulia ni kushoto humo ndani," Chizuru akasema. "Utazoea."

Kichwa kiliniuma. Lakini nilipomrudishia niliona sikutaka kumrudishia.

Juni 13
Mvua.

Juni 15
Bwana Yajima amemwonyesha Chizuru lenzi yake ya zamani iliyoingia ukungu mvua za mwaka juzi. Chizuru anasema ndani ya kioo kuna nyuzi kama za buibui, hazitoki tena. Nimesikia hivyo nikashindwa kula. Kamera yetu inalala ndani ya mkebe wa bati uliokuwa wa mwani, na kifuko cha chokaa kavu chini yake ili kinyonye unyevu. Leo nimefungua mkebe mara nne kutazama kama imepata ukungu. Chizuru akanikuta mara ya nne.

"Mama, kila ukifungua, unyevu unaingia."

"Nimefungua kidogo tu."

"Unyevu nao unaingia kidogo tu."

Juni 18
Hanae amekuja. Hanae na mimi tulilala mkeka mmoja bwenini kiwandani tukiwa na miaka kumi na mitatu, tukaibiana viazi, tukauguzana. Mdomo wake ni mkali, moyo wake haujawahi kunitupa. Leo aliingia na viatu vyenye matope, akaketi, akasema bila salamu: "Sumiko anaolewa tarehe mosi mwezi ujao."

Sumiko ni binti yake wa mwisho. Amechumbiwa na Kenkichi, mtoto wa pili wa akina Ozawa wenye karakana ya kuchachusha soya iwe miso. Kwa kuwa ni wa pili hapati kitu pale, ameandikishwa kwenda Brazili kulima. Meli inatoka Kobe katikati ya Julai, na wasio na wake hawapati nafasi.

"Brazili," nikasema.

"Usiniangalie hivyo, Mitsu. Nimeshalia, yamekwisha." Hayakuwa yamekwisha.

Nilijua ni vibaya kusema wakati ule, nikasema. Nilimwomba ampe Chizuru kazi ya picha.

"Harusi ya mwanangu si mahali pa kujifunzia."

"Hajifunzi, anajua."

"Nitakachobaki nacho ni picha tu, Mitsu. Unaelewa? Sitamwona tena. Akiharibu, nimebaki na nini?"

Nikamtilia chai. Akanywa mpaka kikombe kikaisha, kisha akasema Sumiko mwenyewe ameshamtaka Chizuru, eti ukali wa mzee Yajima humchekesha mpaka ajikojolee. "Nilikuja kukuambia hilo. Nilitaka tu uniombe kwanza."

Huyo ndiye Hanae.

Juni 19
Sikulala.

Juni 22
Chizuru amefanya mazoezi kwangu. Filamu moja ina picha kumi na mbili tu, za mraba, basi hafyatui ovyo. Nilidhani nitaogopa. Mpiga picha wa kiwandani zamani alitukazia jicho kama askari, tukatoka wote kama wezi. Kumbe mwenye kamera hii hakukazii macho. Anainamisha kichwa mbele yako, anatazama chini kwenye kioo chake, na wewe unakaa na utosi wake. Niliutazama utosi wa mwanangu, nikaona nywele mbili nyeupe. Kwa miaka ishirini na minne! Nikasahau kabisa kwamba napigwa picha. Ikasikika "tk", kama mtu anayebana ulimi.

"Umepiga?"

"Nimepiga."

"Sikuwa tayari."

"Ndiyo maana."

Juni 23
Ameniletea ile picha. Nimeiweka mezani tangu mchana. Mikono yangu imo, na makovu ya maji ya moto, kila moja mahali pake. Huyo mwanamke anamtazama mtu kwa upendo mwingi mpaka nikaona haya. Sikujua uso wangu unaonekana hivyo. Kama Chizuru ananiona hivi, kumbe hakuwahi kukasirika na maneno yangu.

Nilimwambia aache upuuzi arudi kiwandani. Niliyasema hayo mwezi wa nne. Sitayasema tena.

Juni 25
Bibi Ozawa, nyanya yake bwana harusi, amekwenda studio kuona ni nani atakayempiga picha mjukuu wake. Ana miaka themanini na miwili na nyumba nzima inatembea kwa mdomo wake. Chizuru kanieleza. Bibi alimzunguka mara mbili, kisha: "Wewe ndiye? Na unainama hivyo kama mwenye sindano iliyopotea?"

"Ndiyo, Bibi. Nikiipata nitakuonyesha."

Bwana Yajima alikohoa. Bibi akatoka. Nimemwambia Chizuru mdomo wake utatuua. Akasema ameurithi.

Juni 28
Hanae amepita kunikumbusha maneno yasiyotamkwa kwenye harusi. Kukata. Kurudi. Kuachana. Kumaliza. Kama sijaenda harusi maisha yangu yote! "Nakujua," akasema. "Ukiogopa, mdomo wako unatangulia." Mimi nitakuwepo kubeba mwavuli na miguu ya kamera, basi. Nimefanya mazoezi ya kunyamaza wakati wa kuosha vyombo.

Juni 30
Mvua kubwa. Nimeota ndoto sitaiandika.

Julai 2
Jana sikuweza kushika kalamu. Leo naandika yote.

Tulifika kwa akina Ozawa saa tatu. Chumba kikubwa kilikuwa na giza la mvua, Chizuru akaomba milango yote ya karatasi ifunguliwe, mwanga wa uani ukaingia mweupe, mpole. Hana taa. Akasema kila mtu atabidi atulie kwa muda wa pumzi moja. Bwana Yajima aliketi pembeni, mikono ndani ya mikono ya nguo yake, kama mgeni tu.

Sumiko akatoka. Mweupe kuanzia kichwani hadi nyayoni, nguo nzito ya harusi, na kofia nyeupe. Hanae alikuwa nyuma yake. Akawekwa katikati, Kenkichi kando, wazee mbele. Chizuru akapanga kila kitu polepole, akainama, akatazama, akasogeza miguu ya kamera. Nilimwona anavyofanya kazi nikafurahi, nikasema moyoni mwangu, ameweza. Nilisema hivyo! Pengine hapo ndipo nilipokosea.

Pindo la Sumiko likawa limekunjika. Chizuru akaenda kulinyoosha, akapiga magoti, na kutoka pale chini akaniita kwa sauti ndogo: "Mama, tazama kwenye kioo kama pindo limo."

Nikainamisha kichwa.

Niliona pindo. Halafu nikaona kifua cha Sumiko. Upande wa kulia wa nguo ulikuwa umekaa juu ya ule wa kushoto. Nguo nyeupe, kulia juu ya kushoto. Kila mtu anajua ni nani anayevishwa hivyo. Mimi nilimvika hivyo mwanangu wa kwanza, Kiyo, akiwa na miaka minne, kwa mikono yangu hii, mwaka ule wa baridi kali. Pale kwenye kioo hakuwa Sumiko tena.

Nikapiga kelele: "Mvueni! Mmemvika kama maiti!"

Ndiyo. Nilisema neno hilo. Mbele ya wazee wa pande mbili, siku ya harusi, mtoto akiwa karibu kuvuka bahari.

Mwanamke aliyemvika Sumiko akawa mweupe kuliko nguo. Sumiko akashika kifua. Hanae akaruka kutoka nyuma, akaweka kiganja kwenye ukosi wa mwanawe, akapapasa kama kipofu: kushoto juu. Kushoto juu. Ilikuwa sawasawa. Ilikuwa sawasawa tangu mwanzo. Nikainua kichwa nikaona kwa macho yangu kwamba ni sawasawa, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba ndani ya kioo kila upande huhama.

"Nani amelitamka hilo?" Bibi Ozawa akauliza. Alijua.

"Mimi, Bibi. Nimekosea. Ni kioo…"

"Kioo kina mdomo?"

Chizuru alikuwa ameshasimama. Hakunitazama. Alirudi kwenye kamera, akainama kwa wazee, akasema: "Kosa ni langu, sikumfundisha mama yangu. Naomba mtulie kwa pumzi moja." Akapiga zote kumi na mbili. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Lakini wale watu! Walikaa kama walioambiwa nyumba inaungua na hawaruhusiwi kutoka.

Njiani kurudi alibeba kila kitu mwenyewe. Nilimshikia mwavuli, akatembea nje ya mwavuli.

Julai 3
Filamu imesafishwa, haikauki kwa unyevu huu. Chizuru hasemi nami ila yale ya lazima. "Chumvi." "Nimerudi."

Julai 4
Mvua. Mtu wa pindo la bluu hakuja kuchukua nguo yake. Labda ni mvua.

Julai 5
Nimekutana na Hanae kwenye daraja. Aliinamisha mwavuli mpaka nisione uso wake, akapita. Miaka thelathini na minne, sijawahi kupitwa hivyo.

Julai 6
Bwana Yajima amekwenda mwenyewe kwa akina Ozawa na picha zote kwenye bahasha, akarudi nazo hazikufunguliwa. Bibi Ozawa amesema hazitaingia nyumbani kwake, zichomwe. Bwana Yajima alikuja hadi kwetu kutuambia, hakutaka kuketi.

"Picha ni nzuri, Mama Chizuru," akaniambia. "Nimepiga harusi miaka arobaini, sikuwahi kupata moja kama ile ya saba. Lakini nilisema familia izipokee. Mji huu ukisikia Ozawa wamezikataa, hakuna atakayekuja. Nitamwachia funguo za mlango usiofunguliwa na mtu?"

"Tupe siku chache."

"Mizigo yangu inachukuliwa wiki ijayo."

Alipotoka nilimwomba Chizuru anionyeshe hiyo ya saba. Akaichomoa. Ni ile aliyofyatua kati ya picha na picha, Hanae aliporudi kuuhakikisha tena ukosi wa Sumiko kwa kiganja. Sikujua kwamba alifyatua wakati ule! Hanae hatazami kamera. Anamtazama mwanawe, vidole vimetanda kifuani pake, na Sumiko ameuegemeza uso kidogo sana, kidogo tu, kuuelekea mkono ule.

"Nilifyatua tu," Chizuru akasema. "Kidole kilikwenda." Halafu akalia, kwa mara ya kwanza, na hakutaka nimshike.

Julai 8
Nimefanya jambo na sijui kama nimeokoa au nimezika.

Chizuru alikwenda studio kumsaidia mzee kufunga masanduku. Nikafungua mkebe, nikaitoa kamera, nikaivingirisha kwa karatasi ya mafuta, juu yake kitambaa, juu yake tena shali yangu, nikaikumbatia tumboni chini ya koti la mvua. Ni mwendo wa nusu saa kwenda kwa akina Ozawa. Maji yalikuwa yamepanda juu ya mawe ya kivuko nikalazimika kuzunguka. Kila nikiteleza nilisema, mimi nivunjike, mimi nivunjike.

Nilipita mlango wa jikoni. Bibi Ozawa alikuwa ameketi anachambua matunda ya ume ya kutia chumvi, anang'oa vikonyo kwa kijiti. Nikapiga paji la uso sakafuni.

"Umekuja na neno gani leo?" akasema.

"Sina neno, Bibi. Nimemleta aliyenidanganya."

Akaona ninachofungua. "Mashine ile? Ndani ya nyumba yangu?"

"Itazame mara moja tu. Halafu unifukuze."

Nadhani alikubali kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu. Nikaiweka juu ya pipa la chumvi, nikafungua vikuta, akafuta mikono, akainama.

"Giza."

Nilikuwa nimesahau kutoa kifuniko cha macho. Mikono yangu! Nikakitoa.

"Aa," akasema.

Nikaenda kusimama mlangoni penye mwanga, nikanyoosha ukosi wangu vizuri. "Nitazame mimi, Bibi."

"Sogea. Si huko. Umekwenda wapi?"

"Nimesogea ulivyosema."

"Humu umekimbilia upande mwingine." Akainamisha kichwa zaidi. Nilisikia mvua na harufu ya ume. Halafu akasema polepole: "Mitsu. Humu umevishwa kama maiti." Akainua kichwa akanitazama, akainamisha tena. "Na hapo umesimama mzima, unanidondoshea maji sakafuni."

"Ndiyo, Bibi."

Nilidhani ataondoka pale. Hakuondoka. Aliigeuza kamera taratibu kuelekea uani, akatazama mvua ikidondoka kutoka kwenye paa. Akaigeuza kuelekea ume kwenye ungo. Chai aliyoletewa ikapoa. "Nyumba hii nimeingia nikiwa na miaka kumi na saba," akasema, hakusema nami. "Tazama lile jiwe."

Mwishowe akakaa wima.

"Kosa lako nimelielewa," akasema. "Lakini neno limeshatamkwa nyumbani kwangu, na watoto wanapanda meli. Siwezi kuwapeleka na neno kama hilo likiwafuata. Lazima lipate pa kukaa."

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

"Likae kwangu. Mimi nina miaka themanini na miwili na sina picha ya kuwekwa mbele ya jeneza langu. Mwanao aje kesho anipige. Kwa mashine hii hii. Neno liliitwa na mashine hii, basi na limkute mwenye umri wake, limwache yule mtoto." Akachukua kijiti chake. "Na picha za harusi azilete. Zikipiga hodi nyuma ya yangu, zitaingia."

Chizuru alinikuta njiani. Alikuwa amerudi akakuta mkebe mtupu, ametoka mbio bila viatu, matope hadi magotini.

"Mama! Iko wapi?"

Nikafungua koti. Aliipapasa kama mtoto mchanga, alifuta macho yote mawili kwa kitambaa, akainusa. Nikamweleza kila kitu pale pale kwenye mvua. Nilingoja anikaripie.

"Aliitazama muda gani?" akauliza.

"Mpaka chai ikapoa."

Akachukua mwavuli kutoka mkononi mwangu, akanishikia mimi.

Julai 9
Sijala tangu asubuhi. Bibi Ozawa alisema yule mwenye mdomo naye aingie, asimame pale amwone. Nikasimama, meno nimeyabana.

Alikuwa amevaa nyeusi yenye alama za ukoo, nywele zimechanwa kwa maji. Watu wa nyumbani walisimama uani chini ya paa. Kenkichi alikuwepo na Sumiko wake. Hanae alikuwepo pia, mbali nami.

"Natazama wapi?"

"Jicho la chini, Bibi."

"Na la juu?"

"La juu ni langu."

Chizuru akainama. Nilimwona anavyosubiri. Pumzi moja, mbili, tatu. Niliogopa kwamba mkono wake utagoma. Bibi naye akautazama ule utosi ulioinama mbele yake, na uso wake, ambao sijawahi kuuona umelegea, ukalegea. Tk.

"Tayari?"

"Tayari."

"Sikusikia kitu. Nimekufa sasa?"

"Bado, Bibi. Zimebaki kumi na moja."

Nilifumba macho. Nilisema hapa ndipo tumekwisha, mwanangu na mdomo aliourithi. Halafu nikasikia sauti kavu kama mlango wa zamani, na nilipofumbua, Bibi Ozawa alikuwa anacheka, mkono mdomoni, mabega yakitikisika, na Kenkichi kule uani alikuwa ameshika nguzo kwa kicheko na machozi yanamtoka. Tk, ikasikika. Tk.

Julai 10
Chizuru amekesha akisafisha. Asubuhi amepeleka bahasha mbili. Nimebaki. Nimekata vitunguu vya siku tatu.

Amerudi mikono mitupu. Bibi Ozawa aliitazama picha yake akicheka, akasema: "Mwanamke huyu hajawa tayari kufa. Aningoje." Lakini ameipokea. Moja ameiweka, moja amempa Kenkichi aende nayo. Za harusi amezipitia moja moja, zote kumi na mbili zimeingia nyumbani. Ile ya saba hakuiweka pamoja na nyingine. Alimwita Hanae, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Julai 11
Tumekwenda stesheni. Treni ilipoondoka Hanae hakulia, alitembea sambamba na dirisha mpaka jukwaa likaisha, akabaki amesimama ukingoni. Nilikwenda nikasimama kando yake. Mvua ilikuwa inatunyeshea sote.

"Bado sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Usingekosea, kiganja changu kisingefika pale." Akajifuta uso kwa mkono wa nguo. "Ndiyo maana sijui nikufanyeje."

Nikamshika mkono. Hakuutoa. Tulirudi naye kwetu akala bakuli mbili za supu ya miso, akalala mchana kutwa kwenye mkeka wangu.

Julai 13
Mvua nyembamba. Ukungu kwenye viatu vyangu.

Julai 15
Radi usiku, asubuhi jua. Redio imesema mvua zimekwisha. Mizigo ya Bwana Yajima imepakiwa. Akina Ozawa wamempelekea wali mwekundu wa maharage, ule wa siku za heri, sinia nzima, wa kumuaga, na juu ya kifuniko jina lililoandikwa si lake, ni la Chizuru. Mzee alilisoma mara mbili. Akatoa funguo kwenye mkanda wake, zikampa taabu kwa kutetemeka, Chizuru hakumsaidia, alingoja tu mikono imenyooshwa mpaka zikatoka.

Julai 16
Chizuru ametoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilitaka kwenda naye, akaniambia nibaki. Nilishona, nikashonua, nikashona tena. Amerudi jua linazama, ameungua pua.

"Wamekuja wangapi?"

"Hakuja mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mama." Akavua viatu, akajimwagia maji miguuni, akaketi kizingitini. "Kesho nafungua mapema zaidi."